Chumvi ya Katwe, Nyanya ya Ng'ambo: Historia ya Sahani Baridi ya Bwera

Ukitaja neno saladi mbele ya vijana wetu, wengi wanafikiria hoteli. Wanafikiria mtu wa shirika amekaa kivulini pale Kasese mjini, mbele yake majani kwenye bakuli la kioo, anakula polepole kama mtu asiye na haraka ya maisha. Na ukimwambia mama aliyelea watoto sita kwa bugali na sombe kwamba leo hakupikwi, tunakata tu, atakuuliza kama unaumwa. Kwetu chakula ni moto. Kina moshi, kina sufuria, kina mtu anayekoroga.

Lakini mama huyohuyo, siku ya Ijumaa akitoka soko la Mpondwe, anakata nyanya tatu, kitunguu kimoja na pilipili, anaminya ndimu, anatupia chumvi, anaweka pembeni ya samaki. Hicho hakiiti saladi. Anakiita kachumbari, au hakiiti jina lolote.

Insha hii ni historia ya hicho kitu cha pembeni. Naandikia vijana wenzangu tuliovuka mpaka huu kwa miguu, na ninyi ndugu wa mashirika mnaotusoma. Ukikaa ukichunguza sahani baridi ya Bwera, utaona karibu kila kilichomo kilitoka mbali na kilipita mikononi mwa watu waliohama, waliosafirishwa au waliofukuzwa. Mwenyeji halisi kwenye sahani ile ni mmoja tu, chumvi. Basi tuanze na yeye.

Ziwa Katwe liko kusini ya Kasese, karibu na Ziwa Edward, ndani ya shimo la volkano ya zamani. Maji yanaingia, hayana pa kutokea. Jua la ikweta linayanyonya, chumvi inabaki. Watu wameichimba kwa karne nyingi, na namna ya kuichimba haijabadilika sana. Kuna mawe ya chumvi yanayong'olewa chini ya ziwa na wanaume waliosimama ndani ya maji makali. Hayo zaidi hupewa ng'ombe. Halafu kuna chumvi ya kula, inayokomaa kwenye vidimbwi vilivyozungushiwa kuta za udongo na miti ukingoni mwa ziwa. Kila kidimbwi kina mwenyewe, na kinarithiwa kama shamba la kahawa.

Kabla ya mpaka kuwepo, chumvi hiyo ilipandishwa mitumbwi ikavuka Ziwa Edward kwenda upande ambao leo tunauita Kongo. Ilibebwa pia kichwani kwenda Toro, Nkore na Bunyoro, ikabadilishwa kwa chakula, mbuzi na majembe. Aliyeshika Katwe alishika ulimi wa majirani wote. Ndiyo maana Kabalega, mfalme wa Bunyoro, hakutaka kabisa kuiachia.

Mwaka 1889 Stanley alipita hapo akielekea pwani pamoja na Emin Pasha. Wengi wa wapagazi wake walikuwa watu wa Zanzibar. Maana yake ni kwamba Kiswahili, hiki hiki tunachoandikia, kilifika ukingoni mwa Ziwa Katwe kabla ya ofisi yoyote ya Mzungu. Miaka miwili baadaye, 1891, Kapteni Frederick Lugard akaja na askari wake, akajenga ngome akaiita Fort George, ili chumvi itoke mikononi mwa Kabalega. Hebu fikiria: ngome ya Waingereza kwa ajili ya chumvi! Sisi tunapigania foleni ya maji, wao walipigania kitu ambacho leo unakifunga kwenye kipande cha nailoni na kukitia mfukoni.

Baadaye serikali ya Uganda huru ilitaka kuifanya Katwe kuwa ya kisasa. Kiwanda kikubwa kikajengwa kando ya ziwa kwa msaada wa Wajerumani. Maji ya chumvi yakayala mabomba, kiwanda kikasimama, na mabaki yake yapo mpaka leo. Watu wa vidimbwi wanaendelea na mikono yao.

Jambo moja kuhusu chumvi hii litatusaidia mbele: ina msimu kama mboga. Mvua ikizidi, maji ya vidimbwi yanakuwa mepesi na chumvi haikai. Kiangazi kikikaza, ndipo inapatikana tele. Na kwa wafanyakazi wa afya wanaosoma hapa, najua mnachotaka kusema. Ndiyo, chumvi ya Katwe inayotoka ziwani moja kwa moja haina madini ya joto yaliyoongezwa, na milima ya Rwenzori ni ya zile sehemu ambako tezi la shingo limesumbua watu. Ile ya pakiti yenye madini ya joto ndiyo ya kutumia jikoni kila siku. Ninachosimulia ni historia, sitangazi biashara.

Sasa, kabla ya nyanya kufika, watu wa hapa walikula nini kikiwa baridi? Ndizi mbivu. Viazi au muhogo uliopikwa jana, unaobebwa shambani asubuhi. Matunda ya porini. Kile tunachokiita kachumbari hakikuwepo, kwa sababu vitu vya kukitengenezea havikuwepo. Nyanya ya kwetu ya zamani ilikuwa nyanya chungu, na hiyo inapendeza zaidi ikipikwa. Ile nyekundu ilitoka Amerika, pamoja na pilipili, ovakedo, nanasi, karanga na yale matunda ya kamba ambayo Waganda wanayaita obutunda. (Mswahili wa pwani akisikia mtu wa Kasese anaomba juisi ya "matunda" anauliza, matunda gani? Hapa ni hayo tu.) Kitunguu kilitoka Asia ya kati, embe na tango India, kabichi Ulaya. Tikiti maji ndilo Mwafrika mwenzetu, ingawa nalo nyumbani kwake ni kaskazini, upande wa Sudan.

Kachumbari kama jina imetoka kwa Wahindi. Wao wana mboga mbichi zilizokatwa wanazoziita karibu hivyohivyo, na Waswahili wa pwani walichukua chakula pamoja na jina lake, kama walivyochukua chapati na sambusa. Ilipandaje mpaka kwenye miguu ya Rwenzori? Mimi naona jibu liko kwenye vyuma. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu 1901, na zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Ilifika Kampala 1931. Halafu mwaka 1956 tawi la magharibi likafika Kasese, na hapo likakoma. Ndiyo mwisho wa reli.

Kasese kama mji imezaliwa na ile reli, na reli ililetwa na shaba ya Kilembe. Mgodi ulianza kutoa shaba mwaka uleule wa 1956, mzigo ukawa unakwenda kuyeyushwa Jinja. Kazi ikaita watu: Wakonzo kutoka mlimani, Wakiga kutoka kusini, Wanyarwanda, Wakongo, na mafundi na makarani kutoka kila upande. Wahindi wakafungua maduka. Watu ambao hawana lugha moja wakiishi nyumba za kupangwa za kampuni, wanahitaji lugha ya kuelewana, na Kiswahili kikafanya kazi hiyo. Wanahitaji pia chakula cha kuuza njiani kwa mtu anayetoka zamu. Nyama ya kuchoma, yaani muchomo, na ndizi ya kuchoma, na pembeni yake nyanya na kitunguu vilivyokatwa. Kitu kibaridi kinachokata mafuta.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Maelfu waliondoka, na wengi wao walizaliwa hapahapa. Maduka yakabadilisha wenyewe, mji baada ya mji, Kasese nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi wa Kilembe ukafungwa. Miaka ya 1990 treni ya abiria ikaacha kuja, na sehemu za njia zikaota majani. Kwa hiyo waliojenga reli walishafukuzwa, shaba imesimama, treni imelala, na bado jioni pale Kasese ukiagiza muchomo hakuna anayekuuliza kama unataka kachumbari. Inakuja yenyewe. Hata rolex, ile chapati ya mayai ambayo Waganda wanajivunia dunia nzima, ukiikunjua ndani kuna nyanya, kitunguu na kabichi mbichi, vimelazwa kwenye mkate wa Kihindi. Mimi huwa nawaza juu ya hilo nikisikia mtu anasema wakimbizi na wageni hawaachi kitu wanapoondoka.

Lakini reli inaeleza upande wa Kasese tu. Bwera ina hadithi nyingine, na kwangu ndiyo tamu zaidi.

Bwera iko mlimani upande wa magharibi, na ukiteremka kidogo unafika Mpondwe, kwenye mto Lubiriha. Ng'ambo ya mto ni Kasindi, Kongo. Mpaka huu ulikubaliwa mwaka 1910 na Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani, mbali sana na hapa, na uliwakata katikati watu ambao lugha yao ni karibu moja. Upande huu wanaitwa Wakonzo, upande ule Wanande, na wengi wao wanajiita Bayira. Kwa hiyo mtu wa Bwera anayekwenda Kasindi kumsalimu shangazi anakwenda nchi ya nje, na anarudi na fungu la puaro.

Hilo puaro lina sababu yake. Miinuko ya Lubero na Butembo ni baridi, na enzi za Wabelgiji mboga za Kizungu zilikaa vizuri kule: kabichi, karoti, puaro, seleri, viazi. Wafanyabiashara wa Kinande walizigeuza kuwa biashara kubwa. Walipakia maharage, vitunguu na mboga kwenye malori mpaka Kisangani, na nyingine zikasafirishwa kwa ndege mpaka Kinshasa. Wakati huohuo, upande wa Uganda ardhi ilikuwa inabana. Hifadhi inayoitwa leo ya Malkia Elizabeth ilianzishwa mwaka 1952 kwenye tambarare, na mwaka 1991 milima ya Rwenzori nayo ikawa hifadhi. Mkulima wa Kasese amebanwa katikati, juu mlima wa serikali, chini tembo wa serikali. Ndiyo maana soko la Mpondwe linajaa namna ile siku zake za Jumanne na Ijumaa, watu maelfu wakivuka mto huku na huku. Mchele, sabuni na nguo vinakwenda. Kahawa, mbao na vyakula vya shambani vinakuja.

Na majina yanavuka pamoja na mizigo. Chukua tunda moja. Watu wa Mexico ya kale waliliita ahuacatl. Mtanzania analiita parachichi. Mganda anasema ovakedo, na kila mtu analitamka anavyoweza. Sisi tuliotoka Beni tunasema avoka, kwa sababu ya Kifaransa. Pale sokoni mama mmoja anatumia majina matatu kwa kikapu kimoja, kulingana na sura ya mteja. Huyo ndiye mwalimu wa lugha.

Nifike sasa kwenye mambo ya kukata na kuchanganya, kwa sababu historia bila kuonja haikai kichwani. Hapa misimu iko miwili ya mvua, Machi mpaka Mei, na tena kuanzia Agosti au Septemba mpaka Novemba. Katikati yake ni ukavu. Tambarare ya Kasese iko nyuma ya mlima, mvua nyingi inakamatwa juu, kwa hiyo chini ni joto na kavu wakati Bwera kumelowa. Umbali ni mfupi, lakini kwenye sahani ni nchi mbili.

Kiangazi ndicho wakati wa kachumbari ya nyanya. Kule Mubuku, kaskazini ya mji, kuna mradi wa kumwagilia uliojengwa miaka ya 1960, unaotumia maji ya mito Mubuku na Sebwe. Ndiyo sababu kitunguu na embe za Kasese haziogopi jua. Nyanya ya kiangazi ina ngozi ngumu na utamu, haijajaa maji. Kata kitunguu chembamba kabisa, kama karatasi. Kifikiche kwa chumvi, kiache kidogo, kioshe kwa maji safi, kikamue. Ukali umekwenda, harufu imebaki. Nyanya itoe mbegu na ule ute, kata vipande, ongeza pilipili na majani ya dania kama yapo. Ndimu weka mapema. Chumvi ya mwisho weka wakati watu wameshakaa, kwa sababu chumvi inavuta maji, na ukiiweka nusu saa kabla utakuta nyanya inaogelea na ladha yote iko chini ya bakuli. Kumbuka pia kiangazi ndicho kinachokomaza chumvi ya Katwe. Jua lilelile linatengeneza vyote viwili.

Mvua ikija, nyanya inaugua. Majani yanapata madoa meusi, matunda yanaoza shambani, na bei inapanda mpaka unanunua moja moja kama mayai. Watu wengi hapo wanaacha kachumbari wakisubiri. Mimi nasema mvua ina sahani yake: kabichi ya mlimani. Ikate nyembamba, iweke chumvi, iminye kwa mikono mpaka itoe jasho, iache robo saa, mwaga maji yake. Kwangua karoti. Badala ya siki, kamulia yale matunda ya kamba mawili, maji pamoja na mbegu zake. Juu nyunyizia karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu. Kuna utamu, ukali, chumvi na mafuta kwenye kijiko kimoja, na hakuna kuni iliyochomwa zaidi ya ile ya karanga. Dada yangu anaongeza nanasi. Hatukubaliani.

Ovakedo haihitaji maelezo. Ponda na chumvi, ndimu na kitunguu kidogo, kula na kiazi kitamu cha jana kilichopoa. Embe bichi ikatwe, chumvi na pilipili, kama wanavyouza watu wa pwani. Ila majani ya muhogo msiyalete kwenye hadithi hii hata kidogo. Sombe hailiwi mbichi, ina sumu ambayo inaondoka kwa kutwanga na kupika sana. Muhogo mchungu vilevile.

Nimefika mahali pagumu. Kula kitu kibichi ni kuamini mkono wa mtu. Sufuria inasamehe, moto unaua mengi. Kachumbari haisamehi. Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini, kwenye miji ambayo wengi wetu tunaiita nyumbani. Mpaka ilipotangazwa kwisha, Juni 2020, ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Juni 2019 ilivuka. Mtoto wa miaka 5 aliyekuja na familia yake kutoka Kongo alifia hospitali ya Bwera, na nyanya yake akamfuata. Uganda yote ikatazama mji ambao haikuwahi kuujua jina. Mpondwe paliwekwa ndoo za maji yenye klorini na vipima joto, na watu wa soko walinawa, wakapimwa, wakanawa tena. Ebola haiji na nyanya, inakuja na majimaji ya mwili wa mgonjwa. Lakini woga hausomi vitabu. Ghafla kila mkono uliotoka ng'ambo ulikuwa na kesi ya kujibu, na sisi ndio tulikuwa wa ng'ambo.

Kipindupindu ndicho adui halisi wa sahani baridi, na Kasese imekipata zaidi ya mara moja. Ujumbe unaotangazwa wakati huo ni uleule: chemsha, pika, kula kikiwa moto. Ujumbe ni sahihi. Tatizo langu na baadhi ya watangazaji wetu ni kwamba ugonjwa unaisha na ujumbe unabaki, halafu mama anaogopa hata embe. Tungeweza kufundisha kwa kupanga vitu kwa hatari yake. Chenye ganda unalolimenya mwenyewe, kama ndizi, ovakedo, embe, nanasi, kina kinga yake, ukinawa mikono na kisu. Chenye ngozi unayoila, kama nyanya, kinataka kuoshwa kwa maji yaliyotiwa klorini au yaliyochemshwa. Majani yaliyokunjana yanataka uangalifu kuliko vyote. Kabichi ivue majani ya nje, tupa. Kipindupindu kikiwa mjini, kaa kwenye kundi la kwanza. Kikiisha, rudi kwenye kachumbari yako bila woga. Watu wanaelewa haya yote wakielezwa.

Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa wasafiri kwa sababu ya Korona. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, mama wa kikapu hakuruhusiwa. Mei mwaka huohuo mto Nyamwamba ukafurika vibaya, ukabeba nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe, kama ulivyofurika 2013. Kwenye bonde lile kuna jambo jingine la kuangalia. Mgodi uliacha milima ya mabaki yake kando ya mto, na watafiti waliopima udongo na mboga za Kilembe wamekuta metali kama shaba na kobalti kwa viwango vya kutia wasiwasi. Kwa hiyo ukiuliza mboga imetoka wapi, muuzaji asikuone mtu wa maringo. Ni swali la haki kabisa hapa.

Tuje kwetu sasa. Wanaoandikishwa Mpondwe hawabaki Bwera. Wanapelekwa kwenye makazi kama Rwamwanja, Kyaka II na Kyangwali. Kituo cha kupokea watu kinapika, unapanga foleni, unapewa. Ukifika kwenye makazi unapewa kiwanja na posho: unga, maharage, mafuta, chumvi, au pesa badala yake. Angalia hiyo orodha. Ni chakula cha moto chote, na kila kitu ndani yake kinaomba kuni. Aprili 2020 posho ilipunguzwa ikawa asilimia 70, na Februari 2021 ikawa 60. Kuni hakuna aliyezipunguza. Wasichana wanaozifuata porini wanajua zinagharimu nini, na sitaeleza zaidi kwa sababu wanaonisoma wanaelewa.

Hapo ndipo naona sahani baridi inatoka pembeni na kukaa katikati. Maharage ya posho yaloweke usiku, mwaga maji, pika mara moja mpaka yaive kabisa. Maharage mabichi au nusu mabichi yanaumiza tumbo vibaya. Chukua sehemu ya kula ya moto. Sehemu nyingine chuja ikiwa bado ya uvuguvugu, tia ndimu, chumvi, mafuta kijiko kimoja, kitunguu kilichofikichwa, nyanya ikiwepo, pilipili. Uvuguvugu ndio siri, kwa sababu maharage yanayopoa yanavuta ladha ndani. Yale siku hiyohiyo, joto letu halina huruma na chakula cha kulala. Moto mmoja umetoa milo miwili, na wa pili hauna sura ya msaada. Nimeona vijana wa kiume waliokuwa hawagusi jiko wakibishana kuhusu ndimu ngapi.

Kwa ninyi wa mashirika: mafunzo ya lishe yanayokuja na picha za brokoli yanatuchekesha. Leteni mbegu za kitunguu, dania, nyanya na dodo, na magunia ya kupandia mlangoni. Vingi tunavyovijua vinatosha.

Kiwanja chenyewe siku hizi mara nyingi ni kama mita 30 kwa 30, nyumba na choo vikiwa ndani. Kitunguu kinakaa ardhini miezi mitatu au minne, na ndicho watu wengi wanachagua, kwa sababu nani anajua mwaka ujao tutakuwa wapi. Ovakedo ya kupandikizwa inaweza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Ile ya mbegu, unayoitupa baada ya kula, inachukua miaka mitano, saba, hata zaidi. Rwamwanja ilifunguliwa tena kwa ajili ya Wakongo mwaka 2012. Aliyefukia mbegu nyuma ya hema mwaka ule, akaimwagilia maji ya kuoshea vyombo, sasa anachuma.